Mgeni siku ya tatu mpe jembe, hata mtandaoni

Kila baada ya wiki chache kuna mtu hunijia na ombi lile lile. Hapa Timbwani nafahamika kama "yule kijana wa kompyuta". Nilisomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu, na riziki yangu ni kuandika programu, kwa hiyo watu hudhani nina dawa. Mmoja ana grupu ya WhatsApp ya mtaa. Mwingine ana ukurasa wa timu ya mpira. Wa tatu anataka nimjengee tovuti ambapo vijana wa Likoni watajadili ajira. Wote swali lao ni moja: "Tutapataje watu wengi?"

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: hao watu wakishafika, watafanya kazi gani?

Basi leo naliandika wazi, na atakayeudhika audhike. Kuhesabu memba ni kujidanganya. Jumuiya ya mtandaoni hudumu na kubaki safi kwa sababu moja tu: watu waliomo wana zamu. Kila mtu ana kazi ndogo ambayo asipoifanya mwenzake ataona. Ukiwa na hilo, ubora unakuja na watu wanabaki. Ukilikosa, leta zawadi, leta matangazo, leta programu ya kisasa kabisa, utakachopata ni kibanda cha abiria wanaosubiri feri.

Wahenga walishalisema hili kabla ya seva ya kwanza kuwashwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huusoma msemo huu kama dharau kwa mgeni. Mimi nauona ni heshima. Ukimpa mtu jembe umemwambia wewe si mgeni tena, hili shamba ni lako pia.

ZAWADI IKIISHA

Tuanze na mfano wa kwetu wenyewe, Wikipedia ya Kiswahili.

Ilianza mwaka 2003. Miaka ya mwanzo ilijengwa na watu wachache sana, akiwemo Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiblogu kwa Kiswahili wakati wengi hawajui kublogu ni nini. Hawakulipwa. Waliandika, wakasahihishana, wakafuta upuuzi. Wale wenye uwezo wa kufuta makala na kuwazuia waharibifu huko huitwa wakabidhi. Nalipenda neno hilo. Linakukumbusha kwamba mtu kakabidhiwa amana, hakupewa kiti cha kujivunia.

Novemba 2009 Google wakaja na shindano. Wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania waliambiwa waandike makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili, na kulikuwa na zawadi za laptopu, simu na modemu. Kufikia Januari 2010 makala zaidi ya 900 zilikuwa zimeshaandikwa, na magazeti ya ng'ambo yakaisimulia habari hiyo. Ukiangalia namba peke yake, ni sherehe.

Kisha zawadi zikatolewa, na umati ukaondoka. Wenyeji wa Wikipedia hiyo waliandika hadharani kwamba wengi walikuwa wamefuata laptopu, wakatoweka shindano lilipokwisha. Makala kadhaa zilikuwa tafsiri za mashine zilizobandikwa vivi hivi, Kiswahili cha kuvunja meno. Nani alibaki kuzisafisha? Wale wale wachache wa tangu mwanzo, sasa wakiwa na mzigo mkubwa zaidi.

Siwalaumu wanafunzi. Waliitwa mbioni, wakakimbia, mbio zikaisha, wakarudi makwao. Ungefanya nini wewe? Shindano humpa mtu sababu ya kushinda. Halimpi sababu ya kubaki. Leo Wikipedia ya Kiswahili ina makala zaidi ya 80,000, na aliyeifikisha hapo ni mtu anayerudi Jumatatu kusahihisha kilichoharibiwa Jumapili. Mtu huyo hajulikani, hapigwi picha, na hakuna anayemletea modemu.

Kwa hiyo ukinijia na mpango wa "tutatoa data bundle kwa watakaoalika marafiki 20", jibu langu ni HAPANA. Unanunua wageni. Watakula bundle, watakwenda zao, na watakuachia vyombo vichafu.

WASAFISHAJI WAKIZIDIWA

Utaniambia grupu yako haina zawadi, watu wanakuja kwa mapenzi yao. Sawa. Twende kwenye mfano wa pili.

Kabla ya Facebook kutushika wote, Wakenya wengi wa mtandaoni, hasa wa ughaibuni, walikuwa wakikutana Mashada, uwanja wa majadiliano ulioanzishwa na David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani. Palikuwa na siasa, mapenzi, mpira, kila kitu. Halafu ukaja uchaguzi wa Desemba 27, 2007, na vurugu zilizoua zaidi ya watu 1,100. Matusi ya kikabila yakafurika Mashada. Wasimamizi wakafuta, yakaja mengine. Mwishoni mwa Januari 2008 Kobia akaufunga uwanja, kisha akafungua mahali pengine pa kuzungumzia amani, palipoitwa "I Have No Tribe", yaani sina kabila. Mashada ilifunguliwa tena baadaye.

Kuna watu hadi leo wanasema kuufunga kulikuwa kukandamiza uhuru wa kusema. Mimi nasema alifanya jambo la mtu mzima. Lakini hebu tuuone mzizi wa tatizo. Maelfu walikuwa wakiongea na wachache mno wakisafisha. Siku za kawaida hesabu hiyo haionekani. Mtu mmoja aweza kuliweka sawa genge la watu wanaobishana juu ya Gor Mahia na AFC Leopards. Siku moto ukiwaka, unagundua kwamba una wasikilizaji elfu na wazima moto watano.

Sisi wa Likoni hatuhitaji kufundishwa hili na Wamarekani. Agosti 13, 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na siku zilizofuata watu waliuawa na maelfu wakahama kwa sababu tu waliitwa wabara. Nimekua nikisimuliwa. Wakati huo hapakuwa na simu mfukoni. Chuki ilisambazwa kwa mdomo na kwa vikaratasi. Leo grupu moja ya mtaa ina watu mia tano, wa pwani na wa bara, Waislamu na Wakristo, wapangaji na wenye nyumba. Sauti moja ya sekunde 40 iliyosambazwa usiku inaweza kumfanya mtu asilale kwake. Ndiyo maana nakasirika mtu akiniambia ubora wa mazungumzo ni anasa ya wasomi. Hapa kwetu ubora ni usalama.

Na wasimamizi wetu wanafanya nini? WhatsApp ilikuwa ikiruhusu watu 256 kwa grupu. Mwaka 2022 ikapandisha hadi 512, na kabla mwaka haujaisha ikafika 1,024. Wasimamizi wakashangilia! Nafasi zikajazwa. Wasafishaji wakabaki wale wale wawili, mmoja wao yuko Doha kikazi na anaamka sisi tumeshagombana.

"SI KUNA MASHINE?"

Hili ndilo swali la wasomi wenzangu. Kwa nini mtu ashike zamu wakati kuna programu ya kuchuja matusi, na kampuni kubwa zina watu wa kulipwa wa kufuta?

Kuhusu watu wa kulipwa, majibu yako Nairobi. Kampuni ya Sama ilikuwa ikifanya kazi ya kusafisha Facebook kwa niaba ya Meta. Februari 2022 jarida la TIME liliripoti kwamba baadhi yao walikuwa wakipeleka nyumbani kiasi kidogo kama dola 1.50 kwa saa, kwa kazi ya kutazama mauaji na ubakaji mchana kutwa. Mei mwaka huo Daniel Motaung, aliyewahi kuifanya kazi hiyo, alifungua kesi Nairobi, na 2023 wasafishaji zaidi ya 180 nao wakaenda mahakamani. Huo ndio mwisho wa jumuiya isiyo na zamu. Uchafu hautoweki. Unabebeshwa kijana fulani usiyemwona, kwenye chumba fulani, kwa bei ya kutupa. Na kijana huyo, hata akilipwa vizuri, hajui "yule jamaa wa kona ya msikiti" ni nani wala kwa nini maneno hayo ni matusi Timbwani na si matusi Kisumu.

Kuhusu mashine, mimi naziandika, kwa hiyo nisikilize. Kichujio hukamata neno. Hakikamati nia. Mtu wa hapa akitaka kutukana atatumia fumbo, na kichujio kitalipitisha likiwa limevaa kanzu na kofia. Zaidi ya hayo, mashine sasa zimekuwa upande wa pili pia. Stack Overflow, mahali ambapo sisi watengeneza programu tumekuwa tukiulizana maswali tangu 2008, ililazimika Desemba 2022 kupiga marufuku majibu ya ChatGPT, kwa sababu yalikuwa yakimiminika, yanasomeka vizuri, na mengi si sahihi. Juni 2023 wasimamizi wake wa kujitolea wakagoma. Kampuni ilikuwa imewazuia kwa kiasi kikubwa kuyaondoa majibu waliyoyashuku kuwa ya mashine. Fikiria: watu wasiolipwa hata senti wanagoma kudai haki ya KUFANYA KAZI. Hiyo ndiyo maana ya mtu kuwa na jembe lake. Ukimnyang'anya, anahisi umemfukuza shambani.

ZAMU HUTENGENEZWAJE

Kwa bahati nzuri haya yalishatatuliwa zamani, na suluhisho si gumu.

Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia iliyoanza 1997, ilipozidiwa na wachangiaji haikuajiri jeshi. Iliwagawia watumiaji wake wa kawaida kazi ya kupima maandishi ya wenzao. Unaingia siku moja unakuta umepewa pointi 5 za kupandisha au kushusha wanachosema wengine. Usipozitumia ndani ya siku 3 zinayeyuka, anapewa mwingine. Huwezi kupima mjadala ambao wewe mwenyewe umechangia. Na kuna wengine wanaopima kama upimaji wako ulikuwa wa haki. Angalia akili hiyo: kazi ni ndogo, ina mwisho, inazunguka, na hakuna anayekaa na rungu hadi limpande kichwani.

Au chukua Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya Januari 2008 katikati ya vurugu zile zile. Kobia wa Mashada alikuwa mmoja wa walioijenga, pamoja na Ory Okolloh, Erik Hersman na Juliana Rotich. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, ujumbe mfupi wa simu ulimiminika kuomba msaada. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walikaa kwa zamu usiku na mchana wakiusoma na kuuweka kwenye ramani, huku Wahaiti wa nchi mbalimbali wakiutafsiri kutoka Krioli. Hakuna aliyeahidiwa laptopu. Mtu alijua saa nane usiku ni zamu yake, na asipofika kuna ujumbe utakaokaa bila kusomwa. Alifika.

Wala huna haja ya kuvuka bahari. Tazama chama cha akina mama hapo jirani. Watu 15, kila mmoja na mchango wake, kila mmoja na mwezi wake wa kupokea, mhazini anajulikana, anayechelewa anatozwa faini. Vyama vya namna hiyo huvuka miaka kumi bila mtu wa teknolojia. Au tazama panapotokea msiba. Hakuna anayeweka tangazo la "karibuni tujitolee". Vijana wanajua wanachimba, kuna wa turubai, kuna wa maji, kuna wa sufuria. Hata yule mpangaji aliyehamia juzi ataambiwa, "Wewe shika viti hivi." Akishashika viti, msiba unaofuata atakuja bila kuitwa. Watu wale wale, wakiingia kwenye simu, wanageuka watazamaji. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyewapa viti wabebe.

AMANA NI YA PANDE MBILI

Nisije nikaonekana natetea wasimamizi peke yao. Ukimdai mtu zamu, naye ana haki ya kukudai ulinzi. Hapa JamiiForums ya Tanzania inatufundisha. Ilianza 2006 ikiitwa Jambo Forums, na watu waliiamini kwa kufichua ufisadi kwa majina ya bandia. Desemba 2016 mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa na kupelekwa mahakamani kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama. Unadhani mwanachama aliyeona hilo atahitaji bundle ili abaki?

Sasa linganisha na admini wa mtaani anayechukua namba za memba wake na kumuuzia mgombea wakati wa kampeni. Kesho anashangaa watu hawachangii lolote la maana. Ndugu yangu, umewageuza mbuzi wa mnada halafu unataka wakuimbie.

NINACHOTAKA TUFANYE

Nimesema sana, sasa vitendo. Grupu za mtaa wetu zifanye haya, na hakuna hata moja linalohitaji programu mpya:

1. Mgeni apokewe na mtu mmoja kwa jina. Siku mbili asome tu. Siku ya tatu apewe kazi ndogo: kuthibitisha kama kweli maji yametoka upande wake, kuuliza bei ya gesi dukani, kutafuta namba ya zahanati.

2. Usafi uwe wa zamu. Watu wawili kila wiki, mmoja wa kitambo na mmoja mpya. Jumapili wanakabidhi kwa wengine. Msimamizi wa kudumu abaki na kazi moja tu, kupanga zamu.

3. Anayeleta habari aseme ameona mwenyewe au ametumiwa. Kama ametumiwa, asubiri wa zamu athibitishe. WhatsApp wenyewe waliwekea kikomo usambazaji mwaka 2019, mara moja usivuke mazungumzo matano. Sisi tunaweza kujiwekea kikomo cha sifuri kwa yasiyothibitishwa.

4. Kila kinachoondolewa kiandikwe: nini, nani kaondoa, kwa nini. Memba yeyote akiuliza aonyeshwe. Rungu bila daftari ni udikteta.

5. Faini iwe ya kazi. Ukitukana mtu, unaongezewa wiki ya zamu. Utajionea mwenyewe inavyokuwa kusafisha nyuma ya watu kama wewe.

6. Aliyeruka zamu mara tatu bila udhuru atolewe kwa heshima, na mlango uachwe wazi. Mgonjwa, mfiwa na mzazi mpya wasihesabiwe.

Najua mtakachosema. La kwanza: "Watu watatoka." Naam, watatoka! Grupu ya 500 itabaki na 70. Lakini 70 wenye zamu watamtafuta mtoto aliyepotea mpaka apatikane, na 500 wasio na zamu watatuma alama ya mikono iliyokunjwa. Chagua.

La pili: "Watu wana shughuli, wanahangaika na unga." Ni kweli, na ndiyo maana zamu lazima iwe ndogo na yenye mwisho. Robo saa kwa siku, wiki moja, kila baada ya miezi kadhaa. Anayeona hiyo ni nyingi, na huku anatazama video za watu wakianguka saa mbili kila usiku, tatizo lake halikuwa muda.

La tatu, na hili ndilo zito: "Unaleta vizuizi, maskini na asiyejua kuandika atafungiwa nje." Nalichukulia kwa uzito. Jibu langu ni kwamba jembe si lazima liwe la kuandika. Bibi asiyesoma anajua kuliko sisi sote nani kafiwa na nani anadanganya kuhusu shamba la nani. Mpe zamu ya kuthibitisha kwa sauti. Anayefungiwa nje hasa ni huyo huyo bibi, leo hii, kwenye grupu ya watu 1,024 ambamo sauti yake inazikwa na matangazo ya mkopo wa haraka kabla haijasikilizwa.

Jirani zetu wa wadi ya pili wanaitwa Shika Adabu. Mtu aliyeipa sehemu hiyo jina hakuwa na seva, hakuwa na kichujio, wala hakuhesabu wafuasi. Alielewa kwamba adabu ni kitu cha KUSHIKWA, kwa mkono, na mtu.

Kwa hiyo atakayekuja kwangu tena na swali la "tutapataje watu wengi", nitamuuliza ana majembe mangapi. Akisema hana, nitamwambia arudi nyumbani akahesabu kazi zilizopo kwanza. Akija na orodha ya kazi kumi, nitamjengea tovuti yake bure, na zamu ya kwanza ya kusafisha ataniandikia mimi.